Lenzi Mbili na Kichochoro Kimoja

Mtaani kwetu shangazi yangu haitwi kwa jina lake. Anaitwa Tulia. Hata karani wa maji huandika "Tulia, studio" kwenye bili, na bili hufika. Jina lilitokana na kazi. Mzee aliyemfundisha kupiga picha alikuwa na lenzi isiyo na kitu cha kuifungua wala kuifunga, ila kifuniko tu. Unakivua kifuniko, unasema "tulia", unakirudisha. Kwa wiki tatu alimsimamisha mbele ya saa ya ukutani, shangazi akilitamka neno hilo mchana kutwa, mpaka likawa na urefu wa sekunde moja kamili. Baadaye zilikuja kamera zinazojihesabia zenyewe, lakini neno lilikuwa limeshamkaa mdomoni. Picha ya pasipoti, tulia. Picha ya harusi, tulia. Siku moja nilimsikia jikoni akiyaambia tulia maziwa yaliyotaka kufurika.

Ana miaka hamsini na sita, mwembamba, na huvaa aproni yenye mfuko mmoja tu, wa kitambaa cha kufutia vioo. Studio yake ni nyumba ya mwisho katika safu ya nyumba kumi na moja. Chumba cha mbele kina benchi, pazia la kijivu na kioo cha kujitazamia. Chumba cha nyuma, ambacho zamani kilikuwa bafu, ndicho cha giza, anakosafishia filamu.

Nyumba hizo kumi na moja zimeshikana ubavu kwa ubavu, isipokuwa mahali pamoja. Kati ya nyumba ya sita, ya fundi cherehani, na ya saba, ya kinyozi, kuna kichochoro. Upana wake ni kigari cha bibi na vidole vinne kila upande. Bibi ni mama yake shangazi. Miguu yake ilikataa kazi miaka mitano iliyopita, na tangu hapo anatembea kwa kigari cha magurudumu. Anaishi uani, nyuma ya safu, na kichochoro ndicho kinachomtoa nje: kwenda hospitali, kwenda kuota jua, na kwenda kwenye kibaraza cha fundi cherehani kubishana naye kila alasiri.

Nyuma ya ua huo kuna ghala. Mwenye ghala aliomba kibali cha kurefusha ukuta wake mpaka ufunge kichochoro. Watu wa uani wangepita kwenye geti lake, likiwa wazi, mlinzi akipenda. Katika maombi yake aliandika kwamba kati ya nyumba ya sita na ya saba hakuna njia, ila "upenyo usioelekea popote". Bibi aliposomewa neno hilo aliomba lisomwe tena.

"Upenyo," akasema mwishowe. "Kwa hiyo mimi ni panya."

Kesi ilipelekwa mbele ya kamati ya viwanja. Siku ya kwanza watu wa mtaa walikwenda na picha ndefu iliyopigwa na fundi cherehani kwa simu, ile ya kuizungusha simu polepole ikaunga vipande yenyewe. Bahati mbaya, wakati simu inazunguka, kinyozi naye alikuwa anatembea. Akatokea mara mbili: mara moja mlangoni kwake, mara ya pili mbele ya duka la nyumba ya tisa, na hapo alikuwa na miguu mitatu.

Wakili wa mwenye ghala aliiinua picha ile juu.

"Mheshimiwa mwenyekiti, kinyozi huyu ameandikishwa kama shahidi. Naomba kujua, kati ya hawa wawili, ni yupi atakayezungumza? Au atakuja yule mwenye mguu wa ziada?"

Watu walicheka, kinyozi mwenyewe akacheka. Mwenyekiti hakucheka. Wakili akaendelea kwamba kamati haiwezi kwenda kukagua kila ufa wa mji huu, na kwamba picha ya kichochoro peke yake inaweza kuwa ya kichochoro chochote. Mwenyekiti akakubali yote mawili.

"Nileteeni picha moja," akasema. "Iliyopigwa mara moja, kwa filamu, na filamu yenyewe niione. Nyumba zote kumi na moja, na hicho mnachokiita kichochoro humo humo. Nawapa wiki mbili. Mkishindwa, kibali kinatoka."

Tuliporudi tulikuta matofali yameshashushwa pembeni ya ua.

Shangazi alikuwa na kamera ya kazi hiyo, aliyoachiwa na yule mzee wake. Ni sanduku refu na bapa, na picha inayotoka humo ina urefu wa kiganja na upana wa vidole vitatu. Filamu moja inatoa picha nne, basi. Tatizo lilikuwa kuipata filamu yenyewe. Ziliwasili mbili, zote zimepitwa na muda wake, siku moja kabla ya kikao.

Siku hiyo saa moja asubuhi alizitandaza lenzi zake mbili juu ya kitambaa cheusi mezani. Ya kwanza ilikuwa fupi na nene, kioo kimevimba kama jicho la chura. Hiyo ndiyo pana, aliyoiita ya tisini, kwa milimita zake. Ya pili ndefu na nyembamba, ya mia na themanini, haijatoka kwenye kopo lake kwa miaka tisa.

Fundi cherehani aliingia bila kubisha, mkanda wa kupimia shingoni.

"Kwani hapa kuna cha kuchagua, dada Tulia? Chukua pana. Pana inaona watu wote. Hiyo nyingine itaona mlango wangu na nusu ya kinyozi."

"Lenzi haichaguliwi kama kitambaa cha suti," shangazi akasema. "Pana inaona vingi, lakini inakutaka usogee karibu. Ukisogea karibu, vya pembeni vinavutika."

"Vinavutikaje?"

"Vinanenepa."

"Basi studio yako iliyo mwisho itakuwa hoteli. Ubaya uko wapi?"

Shangazi hakucheka. Aliishika ile nyembamba, akakibonyeza kilango chake cha ndani, kile kinachofunguka na kufungika picha inapopigwa. Kilifunguka. Kufungika kikasitasita, kama mtu anayekumbuka kitu mlangoni. Akabonyeza tena, safari hii kikafungika vizuri. Aliirudisha kwenye kopo. Nadhani aliogopa. Aliogopa kilango hicho, na aliogopa zaidi kwenda mbele ya kamati na nyumba kumi.

Akachagua pana.

Tulipigia kwenye uwanja wa gereji, ng'ambo ya barabara, migongo yetu imegusa ukuta wa mwisho. Hapo ndipo nyumba zote kumi na moja zilipoingia. Shangazi alichungulia kwenye kidirisha cha juu ya kamera, akazihesabu kwa sauti kutoka kushoto, akarudia kutoka kulia. Majirani walisimama milangoni bila kupepesa macho. Picha nne, tulia nne. Kinyozi alikuwa amekaa juu ya mikono yake ili asishawishike kutembea.

Saa nne filamu ilitoka kwenye dawa. Shangazi aliining'iniza dirishani, ikidondosha maji, akainama na kioo cha kukuzia. Sisi wengine tulisimama nyuma yake. Kwenye filamu mambo hugeuka: mwanga huwa mweusi, giza huwa jeupe. Nyumba zilikuwa pale zote, na studio yetu kweli imekuwa hoteli. Fundi cherehani alianza kupiga makofi.

"Subiri," shangazi akasema.

Bibi alikuwa amejisukuma mpaka mlangoni. "Njia yangu iko wapi humo?"

Shangazi alikisogeza kioo cha kukuzia katikati ya filamu. Kati ya nyumba ya sita na ya saba palitakiwa pawe na mstari mweusi, mwanga wa uani ukionekana upande wa pili. Palikuwa peupe kama maji. Maana yake giza. Aliyeitazama picha ile angesema kuna kona pale, imeishia ukutani. Upenyo usioelekea popote.

Alivuta kiti, akakaa. Shangazi hana desturi ya kukaa.

"Njoo," akaniambia. Alisimamisha maboksi mawili ya karatasi za picha mezani, akaacha nafasi ya kidole kati yao. "Sogeza uso. Kaa upande kidogo. Unaona nini katikati?"

"Ubavu wa boksi."

"Rudi nyuma mpaka mlangoni. Hapo hapo upande wako, usije katikati. Sasa?"

Nikarudi. Kati ya maboksi nikaona rangi ya ukuta wa nyuma.

"Naona mpaka ng'ambo."

"Mimi naijua hii tangu hujazaliwa," akasema. "Lakini leo nilikuwa nahesabu nyumba. Nimezihesabu vizuri sana, kumi na moja. Nikasahau kwamba hatugombei nyumba."

"Si tusogee kulia, tukiangalie kichochoro uso kwa uso?" fundi cherehani akauliza.

"Kulia kuna banda la gereji."

"Tupande juu yake."

"Bati lile likipandwa na paka linalalamika." Alikuwa ameshasimama. Alilifungua kopo, akaitoa lenzi nyembamba. "Hii inataka twende mbali mara mbili. Nyuma ya ukuta wa gereji, na juu yake."

Nyuma ya ukuta wa gereji kuna jengo la ghorofa moja, na juu yake ni kliniki ya meno, yenye veranda ndefu ya mbao inayotazama kwetu. Daktari wa meno, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, alimsikiliza shangazi huku ameshika koleo.

"Saa kumi nina mapumziko ya nusu saa," akasema. "Ila wagonjwa siwezi kuwafukuza. Na sakafu hii, mtu akipiga chafya inatikisika, nakuambia mapema."

Saa kumi mawingu yalikuwa yamejaa. Shangazi aliiweka kamera kwenye miguu yake mitatu, akaitafuta sehemu ya veranda ambapo kichochoro kilifunguka mpaka mwisho, na nyumba zote kumi na moja zikabaki ndani. Palikuwepo mahali pamoja tu, pana kama mkeka wa kuswalia. Aliiweka filamu ya pili. Picha nne, na baada ya hizo hakuna.

Kwa mbali nilimwona bibi. Alikataa kukaa nyumbani. Alikuwa amejisukuma mpaka mwisho wa kichochoro, upande wa uani, akakisimamisha kigari katikati ya mwanga kama mlango mdogo. Kabla hatujaondoka aliniambia, "Mke mwenzangu, wakisema hakielekei popote, wanione niko huko popote."

Nyuma yetu kwenye benchi walikaa wagonjwa watatu, kila mmoja ameshika shavu.

"Jamani, naomba msisogee," shangazi akawaambia. "Tulia."

Alibonyeza. Wakati huo huo mgonjwa mmoja aliinuka ili aone vizuri, na ubao ukalia chini ya miguu yetu. Kamera ikatetemeka.

"Samahani, mama," mgonjwa akasema, nusu ya mdomo wake imelala kwa ganzi.

Shangazi alisogeza filamu. Ya pili. Watu wote wameganda. Alibonyeza, na tukasikia kilango kikifunguka. Hatukusikia kikifungika. Aliigonga lenzi kwa kidole. Akaigonga tena. Kilipofungika zilikuwa zimepita sekunde nne, na picha hiyo yote imeungua kwa mwanga.

Shangazi aliifuta mikono kwenye aproni. Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa mwanzoni: alikirudisha kifuniko juu ya lenzi, akasogeza filamu, akalipunguza tundu la ndani mpaka likabaki kama tobo la sindano ili mwanga uingie kidogo kidogo, akakiacha kilango wazi kabisa.

"Shangazi, kilango hakijafungika," nikanong'ona.

"Kimeshastaafu. Tunarudi kwa mzee."

Aliwageukia wagonjwa. "Wapendwa, nitavua kifuniko, nitasema neno moja, nitakirudisha. Katika neno hilo hata mate msimeze."

"Kumeza kwenyewe kunauma," mmoja akasema.

Chini, mwisho wa barabara, nilisikia muungurumo. Lori la ghala. Kila jioni hurudi, na tangu kesi ianze limekuwa likiegeshwa mbele ya kichochoro chetu. Siku hiyo lilirudi mapema. Sikujua nimwambie au ninyamaze. Nilinyamaza.

Alikishika kifuniko kwa vidole vitatu, akakivuta taratibu mpaka kikaachia, akakishikilia mbele ya lenzi bila kuigusa, akisubiri kamera iache kutikisika. Ndani ya kliniki mashine ilizimwa. Daktari alisimama mlangoni kwa mguu mmoja, wa pili ameuacha hewani.

Kifuniko kikaondoka.

"Tulia."

Kifuniko kikarudi.

Lori lilipinda kona, likapita mbele ya nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, likasimama mbele ya kichochoro. Kichwa cha bibi kikapotea nyuma ya turubai lake. Dereva akazima injini, akashuka, akafunga milango, akaondoka akizungusha funguo kidoleni.

Ilibaki picha moja kwenye filamu, na haikuwa na kazi tena.

Tulishuka ngazi. Njiani alinishika mkono.

"Nimelisema haraka?"

"Umelisema kama kawaida."

"Usinifurahishe. Nimelisema haraka?"

"Sijui, shangazi. Nilikuwa nimebana pumzi."

Ndani ya chumba cha giza aliingia peke yake. Mimi na bibi tulikaa kwenye benchi la studio. Fundi cherehani alisimama karibu na pazia, akiukunja na kuukunjua mkanda wake. Tulisikia maji yakimwagwa, kopo likipinduliwa, kimya, kopo likipinduliwa tena. Bibi alitaka kusema kitu mara mbili, akaacha. Hiyo ilinitisha kuliko lori.

Shangazi alitoka na filamu mkononi, akaiinua kwenye dirisha. Picha ya kwanza, nyumba zote zina kivuli cha pili. Ya pili, nyeusi tupu. Alikiteremsha kioo cha kukuzia kwenye ya tatu, na hakukiondoa.

"Binti," akaniita. "Macho yako ni mapya. Niambie unaona nini kati ya sita na saba."

Niliinama. Kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama uzi wa fundi, kutoka juu mpaka chini. Na chini kabisa, katikati ya weusi ule, kitone cheupe chenye mabega.

"Namwona bibi," nikasema.

Bibi aliipiga mikono ya kigari chake. Fundi cherehani aligeuka upande, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Kesho yake saa tatu kikao kilijaa. Shangazi aliweka mezani picha, filamu yake na kioo cha kukuzia. Wakili ndiye aliyetangulia kuinama. Alizihesabu nyumba, akahesabu tena. Alimtafuta kinyozi, akamkuta mmoja, miguu miwili.

"Picha nzuri," akasema. "Ila kuna doa hapa, mwisho wa upenyo. Labda filamu ni mbovu. Naambiwa ilikuwa imepitwa na muda."

Mwenyekiti alikichukua kioo, akainama kwa muda mrefu.

"Hili doa lina mikono," akasema. "Ni nani?"

"Ni mimi," bibi akajibu kutoka nyuma. "Na nipo mmoja tu. Mwambie mwanangu wakili ahesabu."

Ukumbi ulicheka. Mwenyekiti alinyanyua mkono, wakanyamaza.

"Na ulifikaje hapo, bibi?"

"Kwa kigari."

"Ukipitia wapi?"

"Ulipoweka kidole, baba."

Mwenyekiti alikiangalia kidole chake, akakiondoa juu ya picha. Kisha akamgeukia karani. "Katika maombi haya, palipoandikwa upenyo, kata. Andika njia. Na kibali cha ukuta hakitoki."

Karani alikata neno moja, akaandika jingine juu yake. Kazi hiyo ilizidi sekunde moja; nilimwona shangazi kando yangu, midomo yake ikilitamka neno lake, bila sauti, mara tatu au nne, mpaka kalamu ilipoinuka.

Picha ile sasa inaning'inia studio. Bibi alikuja kuitazama siku ya kwanza, akakiomba kioo, akajitafuta, akajipata.

"Mbona umenifanya kadogo hivi, wewe mtoto?" akasema. "Ungetumia ile inayonenepesha."